Majana Wanapoanza Kuoza Mzingani: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kupima kwa Njiti na Kuamua la Kufanya

Picha nyingi za masega ninazotumiwa na wafugaji wenye wasiwasi zina kosa lile lile: sega limefunikwa na nyuki, na chini yake kuna swali, "Je, huu ni ugonjwa?" Hakuna anayeweza kujibu swali hilo kwa picha ya migongo ya nyuki.

Wengine hukagua vizuri, kisha wakachomeka njiti ya kiberiti kwenye kijumba cha sega kisichofaa, kuona kama mtoto wa nyuki aliyeoza atavutika kama uzi. Hawaoni uzi, wanafunga mzinga kwa furaha, na baada ya miezi michache manzuki yote, yaani eneo zima la mizinga, imeambukizwa. Kuna pia waliochoma kundi la nyuki ambalo lingepona. Mwongozo huu, unaohusu magonjwa mawili ya bakteria yanayoozesha majana, yaani watoto wa nyuki walio vijumbani, nimewaandikia wote hao. Ufuate kwa mpangilio wake, maana kila hatua hutegemea iliyotangulia.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kufungua mzinga

- Mavazi kamili ya kinga na bomba la moshi
- Glavu za kutupwa, jozi moja kwa kila mzinga
- Patasi ya kufungulia mzinga, na brashi laini
- Njiti za kiberiti, pakiti nzima
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali
- Ndoo ya maji yenye magadi ya kufulia, pamoja na brashi ngumu ya kusugulia
- Karatasi za kufungia sampuli, kisu, kalamu na daftari
- Maziwa ya unga yasiyo na mafuta na chupa mbili ndogo za kioo

Andika namba kwenye kila mzinga kabla ya kuanza. Usitegemee kumbukumbu. Ukishakagua mizinga minane huku nyuki wakikuzonga, hutajua ni upi uliokuwa na mifuniko iliyobonyea.

## Jua kwanza unatafuta nini

Yai la nyuki hukaa siku 3. Linapoanguliwa, buu hulishwa kwenye kijumba kilicho wazi kwa takriban siku 6. Vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, humfunika kwa nta karibu siku ya 9 tangu yai kutagwa, na kibarua mpya hutoka siku ya 21. Shika hesabu hii, kwa sababu magonjwa mawili makuu ya bakteria yanatofautishwa na jambo moja kuu: buu amekufa kabla au baada ya kufunikwa?

Uozo wa Kimarekani husababishwa na bakteria aitwaye Paenibacillus larvae. Bakteria huyu hutengeneza spora, yaani mbegu zenye ganda gumu, na ni spora hizo zinazoambukiza. Nyuki walezi humlisha buu spora pamoja na chakula bila kujua. Kwa buu ambaye hajamaliza siku moja tangu kuanguliwa, spora kama 10 tu zinaweza kutosha kumuua. Zinaota ndani ya utumbo, bakteria wanaongezeka, wanatoboa ukuta wa utumbo na kuyeyusha mwili mzima kuwa ute wa kahawia. Mara nyingi hilo hukamilika kijumba kikiwa kimeshafunikwa. Mzoga mmoja unaweza kubeba spora bilioni 2 na nusu, na spora hizo hudumu hai kwa zaidi ya miaka 35 kwenye masega na mbao.

Uozo wa Kiulaya husababishwa na Melissococcus plutonius, ambaye hatengenezi spora. Anakaa ndani ya utumbo wa buu na kumnyang'anya chakula. Buu hufa akiwa na siku 4 au 5 hivi, kijumba kikiwa bado wazi. Wakati mwingine buu aliyeambukizwa huishi, akakua, na kuacha bakteria kwenye kinyesi chake ndani ya kijumba.

Majina hayo yasikupotoshe. Magonjwa yote mawili yamesambaa katika mabara mengi, na yote mawili yapo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Nyuki wakubwa hawaugui, ila wanabeba. Ndiyo maana mzinga unaweza kuonekana umejaa shughuli mlangoni huku watoto wanaoza ndani.

## Hatua ya 1: Panga utaratibu wa kukagua

Chagua siku yenye jua na joto, isiyo na upepo mkali. Anza na makundi yenye nguvu na umalizie na lile unalolishuku. Sababu ni rahisi: vimelea husafiri kwa mikono yako na patasi yako. Ukianza na mgonjwa, wewe ndiye utakayewaambukiza wazima.

Kati ya mzinga na mzinga, badilisha glavu, kisha sugua patasi kwenye maji ya magadi mpaka gundi ya nyuki itoke. Magadi hayaui spora, yanaziondoa tu. Kwa hiyo sugua kwelikweli, usichovye na kutoa.

*Onyo:* usiache masega nje ya mzinga wala kumwaga asali chini. Nyuki wa mizinga mingine watakuja kupora, na uporaji ni mojawapo ya njia za haraka za kueneza uozo wa Kimarekani. Kundi lililodhoofika haliwezi kulinda mlango wake. Majirani wenye nguvu hubeba asali yake, na spora zimo humo.

*Umefanikiwa iwapo* una daftari lenye namba za mizinga, na hakuna nyuki wanaopigana milangoni.

## Hatua ya 2: Kung'uta nyuki wote kwenye sega

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Toa fremu yenye majana. Mtafute malkia kwanza. Akiwa hapo, mhamishie kwa upole kwenye fremu nyingine. Kisha ishushe fremu hadi nusu yake iwe ndani ya mzinga, uishike imara kwa mikono miwili, na uikung'ute mara moja kwa nguvu. Nyuki wataanguka ndani. Waliobaki waondoe kwa brashi.

Fremu yenye vijumba vya malkia usiikung'ute, tumia brashi tu. Na kama mzinga wako hauna fremu, sega likining'inia kwenye upau peke yake, usilikung'ute kabisa kwani litakatika. Lishikilie wima muda wote, na uwaondoe nyuki kwa brashi na moshi kidogo.

Kagua masega yote ya majana, si lile la kwanza tu. Ugonjwa ukiwa mchanga unaweza kuwa kwenye vijumba viwili au vitatu katika mzinga mzima, na hapo ndipo unapotakiwa kuukamata.

*Umefanikiwa iwapo* unaona vijumba vyote vya sega, na nyuki waliobaki wanahesabika kwa vidole.

## Hatua ya 3: Soma mifuniko, kisha vijumba vilivyo wazi

Geuka ili jua liwe nyuma ya bega lako. Anza na vijumba vilivyofunikwa.

Mfuniko wenye afya ni mkavu, umetuna kidogo, una rangi inayofanana na ya jirani zake. Kinachopaswa kukusimamisha ni mfuniko uliobonyea, wenye rangi nyeusi kuliko wenzake, unaong'aa kama umepakwa mafuta, au wenye tundu lenye kingo zisizo sawa. Tundu hilo hutokea vibarua wanaposikia harufu ya kifo wakaanza kufungua. Usilichanganye na kijumba ambacho bado kinafungwa: hicho tundu lake ni duara safi katikati, na ndani yake kuna buu mweupe.

Kisha angalia vijumba vilivyo wazi. Buu mzima ni mweupe kama lulu, anang'aa, na amejikunja vizuri chini ya kijumba. Mwenye uozo wa Kiulaya hukaa vibaya: amejinyonga, amejinyoosha ukutani, au amelegea kama aliyeyeyuka. Rangi hugeuka njano, kisha kahawia, na mara nyingi mirija yake ya hewa huonekana kama nyuzi nyeupe chini ya ngozi.

Harufu nayo husaidia, ila isiwe hakimu. Uozo wa Kimarekani hunuka kama gundi ya mifupa au samaki aliyeoza, na wa Kiulaya mara nyingi huwa na uchachu. Ugonjwa ukiwa mchanga huenda usisikie harufu yoyote.

Utasikia pia kuhusu "majana waliotawanyika", yaani sega lenye mapengo mengi. Ni dalili ya kweli, lakini malkia mzee au njaa huleta sura hiyo hiyo. Mapengo yakufanye uchunguze zaidi, yasikufanye uhukumu.

## Hatua ya 4: Pima kwa njiti

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chagua kijumba kilichofunikwa ambacho mfuniko wake umebonyea, umetoboka au una giza. Ondoa mfuniko kwa ncha ya njiti. Ukikuta pupa (buu anayegeuka kuwa nyuki) mweupe mwenye umbo kamili, huyo si mgonjwa. Nenda kijumba kingine. Unamtafuta aliyepoteza umbo na kugeuka ute wa rangi ya kahawa ya maziwa au nyeusi zaidi.

Chomeka njiti kwenye ute, koroga mara mbili au tatu, kisha uivute nje polepole. Ukivuta kwa haraka uzi utakatika, nawe utadanganyika. Kwenye uozo wa Kimarekani, ute hufuata njiti kama uzi wa kamasi, laini na usiokatika, wenye urefu wa sentimita 2 hadi 3 au zaidi.

Makosa matatu hufanya mgonjwa aonekane mzima:

Kwanza ni kupima mapema mno. Buu aliyekufa karibuni bado ana majimaji na hatoi uzi. Pili ni kupima kwa kuchelewa: mzoga uliokauka umeshakuwa gamba gumu, na njiti haiwezi kuvuta kitu. Tatu ni kupima kijumba kimoja na kuridhika. Mimi hupima kila kijumba chenye sura ya kutiliwa shaka, na sijawahi kuona sababu ya kupunguza.

Kwenye uozo wa Kiulaya, mzoga kwa kawaida ni wa majimaji au chembechembe. Ukivutika, uzi wake ni mfupi, mzito na hukatika.

*Onyo:* njiti iliyotumika usiitupe chini. Irudishe ndani ya kijumba kile kile kama utaharibu sega, au itie moja kwa moja kwenye bomba la moshi iungue. Njiti mpya kwa kila kijumba.

*Umefanikiwa iwapo* umeandika namba ya mzinga, namba ya fremu, vijumba vingapi umepima, na vingapi vimetoa uzi.

## Hatua ya 5: Tafuta magamba

Ute usipoondolewa hukauka kwa wiki kadhaa na kuwa gamba jeusi kwenye ukuta wa chini wa kijumba. Ili kuliona, shika fremu upau wa juu ukiwa karibu na kifua, iinamishe, na umulike tochi ili mwanga upige ukuta wa chini. Ukiangalia sega uso kwa uso huwezi kuliona.

Jaribu kuling'oa kwa njiti. Gamba la uozo wa Kimarekani limeganda, utavunja kijumba kabla halijatoka. Wakati mwingine utaona kitu chembamba kama unywele kinachotoka kwenye gamba kuelekea juu: ni ulimi wa pupa aliyekufa akiwa ameanza kuumbika. Gamba la uozo wa Kiulaya huwa kama mpira, hutoka bila shida.

Kama una magamba tu bila ute, kipimo cha maziwa kitakusaidia. Koroga gramu 1 ya maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye mililita 100 za maji. Jaza kidogo kwenye chupa mbili. Moja itie gamba, ya pili iache hivyo hivyo ya kulinganishia. Ziweke kwenye joto la nyuzi 37. Maziwa yenye gamba la uozo wa Kimarekani huanza kuwa angavu kama maji yenye rangi ndani ya dakika 10 hadi 20, kwa sababu bakteria hao wanapotengeneza spora huacha vimeng'enya vinavyovunja protini. Yakibaki meupe usitangaze ushindi bado. Gamba dogo linaweza lisitoe jibu.

## Hatua ya 6: Ondoa vinavyofanana

Kabla ya uamuzi, pita haraka kwenye orodha hii:

- Buu mgumu kama kipande cha chaki, mweupe au wa kijivu: ni ukungu, si bakteria.
- Buu aliyekufa ndani ya ngozi yake kama mfuko wa maji, kichwa kikiwa kimeinuka na cheusi: ni virusi. Anatoka mzima ukimvuta.
- Majana wengi waliokufa kwa pamoja pembezoni, wa umri tofauti: mara nyingi baridi au njaa.
- Mifuniko iliyotoboka huku kuna wadudu wadogo wekundu kama kichwa cha pini juu ya pupa: ni utitiri wa Varroa. Mabuu wa kundi lililoelemewa na utitiri huweza kufanana sana na wenye uozo wa Kiulaya, hivyo fungua pupa kadhaa uhakikishe.

## Hatua ya 7: Funga manzuki, toa taarifa, chukua sampuli

Ukipata uzi hata kwenye kijumba kimoja, simamisha kila kitu. Hakuna fremu, asali, mzinga wala nyuki anayeingia au kutoka. Punguza mlango wa mzinga mgonjwa ili uweze kujilinda dhidi ya waporaji.

Katika nchi nyingi sheria inakutaka uwaarifu maofisa wa mifugo au wa nyuki, na baadhi ya nchi huwapa wao mamlaka ya kuamua kundi lichomwe au la. Waarifu kabla ya kugusa kitu. Waambie pia wafugaji wanaokuzunguka, hata kama unaona aibu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio kitakuwa cha kijiji kizima cha mizinga.

Kwa maabara, kata kipande cha sega cha sentimita 10 kwa 10 chenye vijumba vingi vinavyoshukiwa, kisicho na asali. Kifunge kwa karatasi, kisha kwenye boksi. Usitumie mfuko wa plastiki, maana unyevu utaotesha ukungu na kuharibu sampuli.

## Hatua ya 8: Tibu au choma

### Ikiwa ni uozo wa Kiulaya

Kundi lenye nguvu huweza kupona, hasa maua yakiwa mengi. Likiwa na dalili za wastani, hamishia nyuki peke yao kwenye mzinga safi. Sogeza mzinga wa zamani pembeni, weka ule safi mahali pake wenye fremu mpya za nta, mtie malkia, kisha wakung'ute nyuki wote ndani. Walishe maji ya sukari ili wajenge haraka. Masega ya zamani yote yachomwe. Kumbadilisha malkia husaidia pia, kwa sababu pengo la utagaji huwapa vibarua muda wa kusafisha vijumba.

Kundi dhaifu sana usilihangaikie. Najua inauma, lakini litabaki chanzo cha maambukizi.

### Ikiwa ni uozo wa Kimarekani

Jibu la uhakika ni moto. Watu huniuliza kuhusu viuavijasumu kila wakati. Dawa hizo huzuia bakteria wanaokua, lakini hazigusi spora. Dalili zinapotea, masega yanabaki na spora, unahamisha fremu ukidhani ni salama, na dawa inabaki kwenye asali. Ukiacha kutoa, ugonjwa unarudi.

Fanya hivi:

1. Chimba shimo mchana, lenye kina cha kutosha majivu kufunikwa na angalau sentimita 30 za udongo.
2. Subiri jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi. Ziba mlango na kila ufa. Anayebaki nje atabeba spora kwa jirani.
3. Fungua juu kidogo, mwaga takriban nusu lita ya petroli juu ya fremu, funga mara moja. Mvuke huwaua nyuki kwa dakika chache. Usiwashe moto mzinga ukiwa umefungwa na wenye mvuke, hulipuka. Pasiwe na bomba la moshi wala sigara karibu.
4. Panga kuni ndani ya shimo. Weka fremu, masega, asali na nyuki waliokufa. Usiongeze petroli. Sogea mbali, washa kwa kijiti kirefu kutoka upande upepo unakotokea.
5. Kaa hapo mpaka nta na asali yote iungue. Asali inayozama chini ya majivu bila kuungua bado ina spora. Koroga, kisha ufukie usiku huo huo.

*Umefanikiwa iwapo* asubuhi hakuna nyuki hata mmoja anayezunguka juu ya shimo.

## Hatua ya 9: Safisha kilichobaki

Maboksi ya mbao yaliyo imara yakwangue nta na gundi yote, choma makwanguo, kisha pitisha moto mkali wa gesi ndani hadi mbao ziwe na rangi ya kahawa. Kaa muda mrefu zaidi kwenye pembe na maungio. Mbao zilizooza au zenye nyufa zichomwe. Patasi na vyuma visugue, kisha uvipitishe motoni.

Vifaa vya plastiki vitolewe uchafu wote, halafu vizame dakika 20 kwenye maji yenye hipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 0.5. Soma lebo: dawa ya kupaushia yenye asilimia 5, changanya sehemu 1 na maji sehemu 9. Ukiacha nta juu yake, dawa haifiki. Usiichanganye na kemikali nyingine yoyote.

Kuyeyusha masega kwa maji ya moto nyumbani hakuui spora, kwa hiyo nta hiyo usiirudishe mzingani. Glavu za ngozi zilizoloa asali nazo zitupie motoni. Asali ya kundi hilo haimdhuru binadamu, ila nyuki wasiipate kamwe, hata mabaki ya ndani ya chupa.

## Hatua ya 10: Rudi baada ya wiki 6

Kibarua huchukua siku 21 kutoka yai hadi kutoka. Siku 42 zinakupa vizazi viwili kamili, muda wa kutosha kwa spora zilizojificha kwenye mzinga wa jirani kujionyesha. Kagua kila mzinga upya kuanzia Hatua ya 1, sega kwa sega, nyuki wakiwa wamekung'utwa. Zuio la kuhamisha fremu libaki mpaka ukaguzi huo uwe safi.

Ukipata uzi tena, choma kundi hilo na uanze kuhesabu wiki 6 upya kuanzia siku hiyo. Ukaguzi ukiwa safi, kagua mara moja zaidi kundi litakapoanza kulea majana kwa wingi katika msimu unaofuata, ukianza na mizinga iliyokuwa jirani na ule uliochomwa.